Kinachowaliza Watu Wazima

Mume wangu wanamwita Taratibu. Jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na mlima, na mlima haukukosea hata kidogo. Mtu huyu akianza kuvaa soksi, wewe injika chai, ichemke, uinywe, uoshe na kikombe. Ukirudi utamkuta bado anaitazama soksi ya pili kama anayekagua ng'ombe mnadani. Kazi yake ni kuwapandisha wageni mlimani gizani ili wafike kileleni kabla jua halijatoka. Wanawake wenzangu wanalalamika kwamba waume zao wanarudi usiku wa manane. Wangu huo ndio wakati anaotoka, tena kwa heshima zote, buti mkononi ili asiniamshe, halafu anajikwaa kwenye ndoo na kuniamsha mimi na mtaa mzima.

Mdogo wake anafanya kazi hiyo hiyo, na jina lake la mlimani ni Chapuchapu. Wamelala tumbo moja, wamenyonya ziwa moja, lakini Mungu alipofika kwenye kugawa mwendo alimpa mmoja akamsahau mwingine. Wageni wa mume wangu hufika juu wameshiba hadithi. Wageni wa Chapuchapu hufika hawana hata pumzi ya kuuliza jua liko upande gani. Lakini wote hufika, ingawa ukimuuliza mmoja wao kuhusu mwenzake atakuapia kwamba iko siku atapoteza watu.

Tunaishi wote katika ua mmoja. Chumba changu kiko upande wa bomba, cha Chapuchapu na mkewe kiko upande wa choo, na katikati anakaa mama yao, mama mkwe wangu, na kamba yake ya kuanikia nguo inapita mbele ya milango yote mitatu, kiasi kwamba huwezi kutoka kwako bila kupigwa usoni na shuka bichi.

Mama mkwe ni dobi. Amefua katika ile nyumba ya wageni iliyo chini ya mlima tangu wanawe wako mgongoni, na hadi leo akikushika mkono unajua umeshikwa. Mashuka ni kazi, anasema, lakini suruali za mlimani ni vita. Zinashuka zimejaa tope hadi kiunoni, na wenyewe wanamkabidhi huku macho mekundu, wanamwambia, "Mama, laiti ungeona! Jua lilipotoka tumelia." Watu wazima, wana ndevu, wengine wana vyeo huko kwao. Yeye anapokea suruali, anaangalia lile tope, anasema poleni. Miaka nenda, miaka rudi, na jambo hilo likamkaa moyoni.

"Mimi nina wajukuu," aliniambia siku moja huku anakamua shuka, "na sijawahi kuona jua likimliza mtu. Nimeona vitunguu. Nimeona moshi. Nimeona wanaume. Jua, bado."

Mwaka huu goti lake la kulia likaanza kugoma. Daktari akalikunja na kulikunjua, akalisikia likilia kama bawaba, akamwambia waziwazi: "Mama, mwakani goti hili halitakubali hata ngazi. Kama una mahali pa kupanda, panda sasa." Daktari alikuwa na maana ya ngazi za stoo ya mashuka. Mama mkwe akaelewa mlima. Alirudi nyumbani, akawaita wanawe wote wawili, akawaambia anataka kwenda kukiona kwa macho yake hicho kinachowaliza watu wazima, kabla goti halijamfungia mlango.

Wote wawili wakajibu kwa mpigo mmoja, "Nitakupeleka mimi." Na hapo ndipo shida ilipokuwa, maana walikuwa hawasemeshani.

Ngoja nikueleze ugomvi wenyewe, na tafadhali usicheke, mimi nimeshacheka kwa niaba ya wote. Taa ya kichwani ya mume wangu hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku moja taa ya Chapuchapu iliharibika, akaja akaazima ya kaka yake, akapanda nayo mlimani, akairudisha msumarini imefutwa tope na mkanda wake umekunjwa vizuri. Betri tu ndizo zilikuwa zimekwisha, na hilo hakulitaja. Alfajiri iliyofuata mume wangu akaivaa, akaondoka na wageni wake, na walipofika pale njia inapopita ukingoni mwa korongo, taa ikafumba jicho. Mwongoza wageni mzima, mwenye sifa zake, ikabidi apandishwe mlima na mgeni, bibi mmoja wa makamo aliyekuwa na tochi ya mfukoni, naye kashikilia mkoba wa yule bibi kwa nyuma kama mtoto anayepelekwa shule. Habari zilifika chini kabla yake. Mwenye duka akamuuliza, "Taratibu, leo umeongozwa salama?" Hicho ndicho kilichomchoma.

"Umenirudishia maiti ya taa!" akamwambia mdogo wake pale uani.

"Nimeirudisha na betri zake zote."

"Zimekufa!"

"Sasa ndiyo mimi nimeziua? Kila kitu kina siku yake."

Basi, wakanuniana. Asubuhi wanapiga mswaki kwenye bomba moja, bega kwa bega, na hawaongei ila kupitia kwa mama yao, ambaye anafua hatua mbili tu kutoka pale.

"Mama, mwambie mwanao asogeze mguu, anaziba bomba."

"Mama, na wewe mwambie mwanao bomba hili si la baba yake."

"Baba yenu ni mmoja, wapumbavu nyie!" anajibu mama, na povu linaruka.

Alijaribu kumsihi mume wangu. "Wewe ndiye mkubwa," akamwambia. "Mkubwa ni jalala." Mume wangu akasema jalala nalo hujaa. Mimi na mke wa Chapuchapu tulijikalia kimya tukiendelea kuazimana chumvi na mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu ndugu wakigombana, wewe chukua jembe ukalime.

Kibaya zaidi, waliacha na mluzi. Hili inabidi ulielewe. Mlimani, gizani, waongoza wageni hawaitani kwa sauti. Mgeni akimsikia kiongozi wake anauliza "Tuko wapi?" miguu inamwishia nguvu hapo hapo. Kwa hiyo hupigiana mluzi. Aliye nyuma anapiga mmoja mrefu, maana yake, uko njiani? Aliye mbele anajibu miwili mifupi, niko, njoo. Wageni wanadhani ni ndege. Hata waongozaji wanaochukiana kama paka na panya hupigiana mluzi, kwa sababu mlima haujui nani kamkosea nani. Hawa wawili wakaona mluzi nao ni kusemeshana, wakaufungia.

Mama mkwe alitaka apelekwe na wote wawili pamoja. Wakakataa, kila mmoja kwa adabu yake. Basi akaamua kesi. "Nitakwenda na mkubwa," akasema, "kwa sababu ndiye aliyetangulia kunitesa." Chapuchapu akameza mate, akasema ni sawa. Lakini jioni yake mkewe akaninong'oneza kambani kwamba mumewe amepata wageni wa alfajiri ile ile, maharusi, na kwamba anakusudia kufika kileleni kwanza ili mama akitokea amkute yeye ndiye amesimama pale kumpokea. Fahali wawili, na zizi lenyewe mlima.

Mimi niliingizwa katika safari hii kwa swali moja tu. "Nani atabeba ndizi?" aliuliza mume wangu, na akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezizaa hizo ndizi. Basi nikabeba ndizi, chupa ya chai, blanketi, na shati la akiba la mama mkwe, nikawafuata.

Watu wanaosifu njia za mlimani gizani sijui wanasifu nini, maana hakuna unachokiona. Unaona duara la mwanga, na ndani yake kisigino cha aliye mbele yako, basi. Mengine yote unayajua kwa mguu na kwa pua: kokoto zinalia chini, umande unakulowesha magoti, majani yaliyokanyagwa yananuka kama dawa ya kikohozi. Nilikuwa na baridi, na sitakuficha, niliogopa. Mume wangu yeye alikuwa nyumbani kwake. Anakwenda mbele, fimbo mkononi, anatangaza kila kitu.

"Hapa jiwe. Hapa mzizi. Hapa jiwe jingine."

"Unavyolitambulisha," akasema mama yake akihema, "nilidhani nitapewa na jina lake."

Mbele yetu, juu kabisa, ilionekana taa moja inatikisika haraka haraka. Hatukuulizana ni ya nani.

Katikati ya mlima kuna kilima kidogo cha mawe, kimepachikwa pale kama nundu ya ng'ombe, na Nundu ndivyo wanavyokiita. Kijia kinakizunguka chote; miguu ya watu na mbuzi imekikanyaga hadi kimekuwa pete kamili. Njia ya kileleni inachomoka kwenye pete hiyo mahali pamoja tu, kati ya mawe mawili marefu. Mchana hata kipofu angeiona. Tulipofika Nundu ukungu ukashuka, mzito, mweupe, ukaingia hadi ndani ya mikono ya sweta. Mume wangu akasimama. Nilimwona shingo inavyogeuka kushoto na kulia, na nikajua, maana hivyo ndivyo anavyogeuka akiwa hajui alikoweka funguo.

Mara akasema, "Yule pale." Mbele yetu ndani ya ukungu kulikuwa na doa la mwanga.

"Nani?"

"Huyo mwana wa mama."

"Basi mpigie mluzi umuulize kama yuko njiani."

"Mimi? Mkubwa nianze kumpigia mluzi mdogo? Thubutu! Taa yake ninaiona, inatosha. Wa nyuma anafuata taa ya mbele. Akipotea, lawama ni yake."

Tukaifuata. Sasa, yaliyokuwa yakitokea kwenye ile taa ya mbele nilisimuliwa baadaye na yule bibi harusi, lakini nitakueleza sasa hivi ili tucheke pamoja. Chapuchapu alikuwa ameshayapita yale mawe mawili bila kuyaona, kwa sababu alikuwa anakimbia. Akaendelea kuzunguka Nundu, akazunguka, na mara akaona mbele yake ndani ya ukungu doa la mwanga. Ile ilikuwa taa yetu. Bwana harusi akamuuliza yule ni nani. "Kaka yangu," akajibu kwa uchungu. "Sijui kapitia wapi akatutangulia, na mama mwenye goti bovu! Twendeni, tumfuate." Na yeye hakupiga mluzi. Mdogo amuulize mkubwa njia, ili kesho asimangwe bombani? Haiwezekani.

Basi tukazunguka. Sisi tunawafuata wao, wao wanatufuata sisi, kila mtu ana kiongozi na hakuna anayeongoza. Chapuchapu kwa kawaida angetufikia mara moja, lakini bibi harusi alikuwa na buti mpya na malengelenge mapya, na isitoshe Chapuchapu mwenyewe hakutaka kuonekana anamganda kaka yake mgongoni. Tukitembea, taa ya mbele inatembea. Mama mkwe alipoomba kupumzika, tukasimama, nayo ikasimama.

"Unaona?" mume wangu akaniambia, na nilisikia sauti yake imelainika kidogo. "Anatusubiri. Angalau ana haya usoni."

Upande wa pili Chapuchapu alikuwa akiwaambia maharusi, "Simameni, kaka amempumzisha mama. Hapo amefanya vizuri." Tukasubiriana kwa heshima, kisha tukaendelea kufukuzana.

Mama mkwe alipumzikia kwenye jiwe bapa lililokaa vizuri kama kigoda. Akala ndizi, akaliweka ganda kando ili mume wangu alibebe, na mume wangu bila shaka akalisahau. Tukatembea, tukatembea. Goti likalalamika tena, na kwa bahati njema tukakuta jiwe bapa. Mama mkwe akakaa, akapapasa kando yake.

"Nani kala ndizi hapa?"

"Wageni wake hao!" mume wangu akafoka. "Unaona malezi? Wanatupa maganda ovyo mlimani, na yeye anawaangalia tu!"

Mama mkwe akalishika ganda karibu na mwanga wa taa. "Huyu mgeni," akasema, "anamenya ndizi kuanzia kitakoni, kama mimi."

Akafuta jasho kwa kitambaa chake, tukaondoka. Mbele kidogo akajikagua, kitambaa hakuna. Nikamwambia tutakitafuta wakati wa kushuka. Tukaendelea, hatua zake zikawa fupi, akawa anaegemea bega langu kwa uzito wake wote, na nikasikia ndani ya lile goti kitu kinasaga. Tukafika kwenye jiwe bapa. Juu ya jiwe kulikuwa na kitambaa.

"Lo!" akasema mama mkwe. "Mlima una adabu huu. Unarudisha vitu."

Nikamvuta mume wangu shati. "Taratibu," nikasema polepole, "tunazunguka."

"Mwanamke, mlima huu nimeupanda kabla sijakuoa."

"Basi labda umeuzunguka tangu hujanioa!"

Alikasirika, akachukua fimbo yake, akaenda mbele hatua kadhaa kupapasa kwenye ukungu, anagonga mawe huku ananung'unika. Ukungu ulikuwa umeanza kubadilika, si mweusi tena, una rangi ya maji ya kufulia. Mama mkwe aliutazama. Yeye anajua kuamka mapema kuliko sisi sote, na alijua maana ya rangi ile. Jua lilikuwa njiani, na sisi hatukuwa njiani.

"Ile taa pale mbele ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya mwanao mdogo, mama."

"Na yeye anamfuata nani?"

Nikazihesabu taa: yao, yetu, basi. Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu. Kisha akatia mkono kinywani, akatoa meno yake ya bandia, akanikabidhi kiganjani. "Shika," akasema. Akaweka vidole viwili mdomoni, vile vidole vya kukamulia mashuka, akapiga mluzi.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Ulikuwa mluzi aliokuwa akiwaitia wanawe chakula walipokuwa watoto wanaocheza huko miambani, yeye akiwa kwenye karo lake la kufulia huku chini.

"Naam, mama!" ikatoka kushoto.

"Naam, mama!" ikatoka kulia.

Na walikuja mbio! Wanaume wawili, kila mmoja na mke na ndevu, wanaruka mawe kama watoto wanaogombania ukoko. Chapuchapu hakufuata hata kijia, alikatisha moja kwa moja juu ya Nundu. Mume wangu, ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata mvua, alikimbia. Wakakutana mbele ya magoti ya mama yao, paji kwa paji, taa kwa taa, pu! Taa ya mume wangu ikazimika.

Nyuma yao wakatokea maharusi wanahema. "Samahani," akauliza bwana harusi, akitazama lile jiwe bapa, "kileleni ndiyo hapa?"

"Kwa nini hukupiga mluzi?" ndugu wawili wakafokeana kwa pamoja, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu zile betri.

"Wewe ndiye uliyekuwa mbele!"

"Mbele yako wapi? Wewe ndiye uliyekuwa mbele yangu!"

Mama mkwe akaanza kuwachamba, akasahau kwamba meno ninayo mimi. Hatukuelewa neno hata moja na tulielewa kila kitu. Alipochoka, alinyoosha mkono, nikampa meno, akayavaa, akajaribu kusimama. Goti likakataa. Akajaribu tena kwa kushika bega langu. Likakataa.

"Basi," akasema, na hakusema kwa hasira. "Nirudisheni chini. Kuna mashuka."

Afadhali angetutukana. Nilimtazama pale alipokaa, kitambaa chake mkononi, tope hadi kiunoni kama wale wageni aliowafulia maisha yake yote. Mwanamke huyu alikuwa ameomba kitu kimoja. Nilitaka kuwachapa wale wawili kwa ile fimbo, kila mmoja kwa zamu, nikianza na wangu.

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Akainua macho, akatazama weupe ule wa ukungu, akamtazama mdogo wake. Akachuchumaa.

"Shika kifundo changu," akamwambia.

Chapuchapu akachuchumaa upande wa pili bila kuuliza. Wakashikana vifundo vya mikono, yote minne, kile kiti cha mikono cha watoto, wakampenyeza mama yao katikati, wakasimama naye. Mawe mawili marefu yalikuwa pale pale, hatua chache kutoka kwenye ganda la ndizi. Tukapita.

Sasa hebu fikiria mtu aliyebebwa upande mmoja na Taratibu na upande mwingine na Chapuchapu. Alikuwa anakwenda ubavu ubavu kama gunia juu ya baiskeli. "Haraka, Kaka, haraka!" "Haraka haraka haina baraka, utamwangusha!" "Chelewa chelewa, jua si letu!" Mama mkwe akawashika wote wawili masikio, akaanza kuwahesabia miguu, kushoto, kulia, kushoto, na kila anayekosea anavutwa sikio. Hapo ndipo walipopata mwendo mmoja, kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa. Mimi nyuma na viatu vya mama mkwe, fimbo na chupa ya chai. Nyuma yangu bwana harusi na ndizi.

Tukachomoka juu ya ukungu ghafla. Kilele kilikuwa kinaonekana mbele yetu, si mbali tena, na nyuma yetu mashariki ilikuwa inawaka. Njia ile inapanda ukiwa umeipa mashariki mgongo.

"Usigeuke, mama!" mume wangu akapiga kelele. "Bado! Mpaka juu!"

"Karibu tunafika, usigeuke!" akadakia mdogo wake.

Wakakazana. Na hapo ndipo mwanga ulipotupiga migongoni. Ule mteremko wote mbele yetu ukageuka rangi, na juu yake kikajitandaza kivuli kirefu, mwili mmoja mnene, miguu minne, vichwa vitatu.

"Simameni," akasema mama mkwe.

"Mama, kidogo tu—"

"Nimesema simameni. Tazameni hicho kidude."

Wakasimama, wakatazama. Kivuli nacho kikasimama, kikawa kinahema chote kwa pamoja. Kisha nikasikia mtu anavuta kamasi, na haikuwa bibi harusi. Ilikuwa Chapuchapu, machozi yanamtiririka hadi kidevuni na hana mkono wa kujifutia.

"Kaka," akasema, "zile betri. Nilijua zimekwisha. Niliona haya kukuambia."

Mume wangu naye akaanza. Yeye hata kulia anaanza taratibu: kwanza kidevu, halafu pua, halafu ndiyo macho. "Hata mimi," akasema, "siku ile niliiona taa ina mwanga hafifu tangu uani. Nilitoka nayo hivyo hivyo. Nilitaka nipate la kukulaumu."

Nilishangaa hadi chupa ya chai ikaniponyoka. Wakalia sasa wote wawili, wanaume wa mlimani, mikono yote minne imekwama chini ya mama yao. Naye akatoa kile kitambaa kilichorudishwa na mlima, akampangusa pua mkubwa, akamwambia penga, akapenga. Akampangusa mdogo, akapenga.

"Haya, nigeuzeni basi nilione hilo jua lenu."

Taratibu akageukia kushoto, Chapuchapu akageukia kulia, nusura wampasue katikati. Wakabishana kidogo, wakapatana, wakamgeuza. Jua lilikuwa limeshatoka zima, limekaa juu ya ukungu. Lilikuwa zuri, sitasema uongo. Bibi harusi alilia, bwana harusi alilia, hata mimi jicho moja liliniwasha. Mama mkwe alilitazama kwa muda mrefu, kakunja uso, kama anavyotazama shuka kutafuta doa. Halafu akawatazama wanawe, mmoja huku, mmoja huku, pua zao nyekundu.

"Mbona ndilo lile lile la kuanikia nguo?" akasema. "Miaka yote hii nafua matope ya watu nikidhani ni jua. Kumbe kinachowaliza watu wazima ni betri."

Kileleni hakwenda. Alisema kama ni kuona, ameona, wamshushe, na wakamshusha hadi kitandani kwake wakibishana njia nzima.

Goti lilifanya kama daktari alivyosema. Siku hizi anatoka mlangoni hadi kambani kwa mkongojo, na mashuka ya nyumba ya wageni anafua mwingine. Lakini saa zile mume wangu anapojikwaa kwenye ndoo, na mdogo wake anapomcheka upande wa choo, mama mkwe huwa ameshaamka. Namsikia ukutani anavyojigeuza, kisha anatulia kabisa. Anangoja. Baada ya muda, kutoka juu huko gizani, unakuja mluzi mmoja mrefu, na kabla haujafa unajibiwa na miwili mifupi.

"Mwanangu," ananiita kupitia ukutani, "umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, lala," ananiambia, na kabla sijavuta blanketi yeye ameshaanza kukoroma.